KURASA ELFU MOJA KUMTAFUTA MUUAJI MMOJA

Katika barua zilizoifikia safu hii hivi karibuni imo moja iliyoandikwa na mama mmoja, mfanyakazi wa kiwandani na mlezi wa watoto watatu. Mama huyu hakulalamikia bei ya vitu sokoni, wala majirani, wala mume. Alilalamikia kitabu.

Anaeleza kwamba aliletewa zawadi ya riwaya ya upelelezi iliyoandikwa kwa Kiingereza, nene kama tofali, na kwa kuwa tangu ujana wake ni mpenzi wa hadithi za namna hiyo, aliipokea kwa furaha kubwa. Aliisoma usiku baada ya watoto kulala, kurasa ishirini leo, kumi kesho, kwa muda wa mwezi na nusu. Hatimaye akafika mahali ambapo mpelelezi anamtaja muuaji. Badala ya kushtuka, ilimbidi arudi nyuma kutafuta yule aliyetajwa alikuwa ni nani hasa, maana alikwisha kumsahau. Mumewe alipomwomba amsimulie kisa chenyewe, hakuweza. Barua yake inamalizika kwa swali ambalo ndilo lililotufanya tuiweke mbele ya nyingine zote: je, kosa ni la kitabu, au ni akili yake iliyochoka kwa miaka mingi ya kazi za zamu hata haiwezi tena kufuata hadithi?

Swali hili si dogo. Mtu anayeanza kuamini kwamba hawezi tena kusoma yu karibu kuacha kusoma, na mzazi akiacha kusoma, vitabu hutoweka nyumbani hata kabla watoto hawajavizoea. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kulijibu kwa ukamilifu.

RIWAYA YENYEWE

Kitabu alichokisoma mama huyu kinaitwa The Ink Black Heart, kilichotolewa Uingereza mwaka 2022. Jina lililoandikwa katika jalada ni Robert Galbraith, lakini hilo ni jina la bandia. Mwandishi ni J. K. Rowling, yule yule aliyewapa watoto wa dunia nzima visa vya Harry Potter. Siri ya jina hilo ilifichuka mwezi wa Julai, 2013, miezi michache tu baada ya kutoka kitabu cha kwanza cha mfululizo huu, The Cuckoo's Calling.

Wahusika wakuu ni wawili. Wa kwanza ni Cormoran Strike, askari wa zamani aliyepoteza sehemu ya mguu wake huko Afghanistan, ambaye sasa anaendesha ofisi ya upelelezi wa binafsi mjini London. Wa pili ni Robin Ellacott, aliyeanza katika ofisi hiyo kama karani wa muda na akapanda kwa juhudi zake mwenyewe hadi kuwa mshirika kamili. Kati yao kuna mapenzi ambayo, katika kitabu hiki, hakuna anayethubutu kuyatamka, na ni kweli kwamba wasomaji wengi huvinunua vitabu hivi kwa ajili ya mapenzi hayo kuliko kwa ajili ya maiti.

Sasa msomaji na aangalie jinsi vitabu hivi vilivyonenepa. Cha kwanza, cha mwaka 2013, kilikuwa na yapata kurasa 450. Cha tano, Troubled Blood, cha mwaka 2020, kilipita kurasa 900. Cha sita, ambacho ndicho tunachokizungumzia, kilivuka kurasa 1,000. Mauaji hayakuongezeka kwa kiasi hicho, na wapelelezi ni wale wale wawili. Kilichoongezeka ni maneno.

MWANZO ULIOAHIDI MENGI

Haki na itendeke: mwanzo wa riwaya hii ni mzuri sana. Msichana mmoja, Edie Ledwell, anaingia katika ofisi ya wapelelezi akiwa amevurugika. Yeye pamoja na mwenzake, Josh Blay, wametunga katuni iliyopata sifa kubwa. Lakini mtu asiyejulikana, anayejiita Anomie, ambaye ametengeneza mchezo wa kompyuta uliotokana na katuni hiyo, anamwandama kwa matusi na uzushi katika intaneti, naye anawaongoza wapenzi wa katuni wamchukie. Edie anaomba jambo moja tu: mtu huyo afichuliwe.

Robin anamsikiliza, anamhurumia, lakini anamkatalia. Ofisi imeelemewa na kazi, na mambo ya intaneti si utaalamu wao. Haupiti muda mrefu, Edie anakutwa ameuawa katika makaburi ya Highgate, London. Josh, aliyekuwa naye, amejeruhiwa vibaya hata mwili wake umepooza.

Huo ndio msingi wa hadithi, na ni msingi imara. Si suala la kumjua muuaji tu. Kuna mtu aliyebisha hodi akaambiwa mlango umefungwa, kisha akafa. Ni nani miongoni mwetu, awe karani, muuguzi au mwalimu, ambaye hajapata kumwambia mwenye shida arudi kesho? Msomaji anauingia msako huu akiwa na deni moyoni pamoja na Robin, naye anataka kuona deni hilo likilipwa.

MAHALI ILIPOPOTEA NJIA

Lakini baada ya hapo riwaya inaingia katika msitu. Washukiwa wengi wamo ndani ya ule mchezo wa kompyuta, na humo kila mtu anatumia jina la bandia. Maana yake ni kwamba msomaji hana budi kumkariri kila mshukiwa mara mbili: kwanza kwa jina analolitumia mchezoni, kisha kwa jina alilopewa na wazazi wake, halafu abahatishe lipi ni la nani. Juu ya hayo, soga zao zimechapishwa kama zilivyo, kurasa kwa kurasa, pengine mazungumzo mawili au matatu yakienda sambamba katika safu zinazokaa ubavuni mwa nyingine. Jicho halijui lianze wapi. Mtu aliyesimama mbele ya mashine mchana kutwa hawezi kulaumiwa akisinzia hapo.

Mwandishi ana sababu yake, nasi hatuna budi kuikubali. Anataka tuuone umati usio na sura jinsi unavyomkaba mtu mmoja, kila mmoja akitupa jiwe dogo na kujiona hana hatia. Hilo ni jambo la kweli katika zama zetu, na kila mwenye simu ya mkononi amekwisha kuliona. Lakini sababu njema hutimia katika soga ya tatu au ya nne. Ifikapo ya thelathini, msomaji haoni tena ukatili wa umati. Anaona tu kazi ya kufungua kurasa.

Na kuna hasara kubwa zaidi. Kadiri msitu unavyokuwa mnene, ndivyo marehemu anavyosahaulika. Tunapelekwa kwenye maumivu ya mguu wa Strike, kwenye wateja wengine wa ofisi, kwenye vinywaji na safari na wivu wa wapenzi wasiotamkiana mapenzi. Yote hayo yana utamu wake. Lakini yule binti aliyebisha hodi akakataliwa yuko wapi? Amebaki jina katika jalada la kesi. Mama aliyetuandikia hakusema hivyo kwa maneno haya, lakini tunaamini hapo ndipo penye kiini cha uchungu wake. Aliombwa amlilie mtu, kisha akanyimwa nafasi ya kumkumbuka.

DENI LA MWANDISHI KWA MSOMAJI

Riwaya ya upelelezi si sawa na riwaya nyingine. Riwaya nyingine yaweza kutembea kwa starehe, ikasimama kutazama mandhari, na msomaji asione amedhulumiwa. Riwaya ya upelelezi hukopa tangu ukurasa wa kwanza. Inamwambia msomaji: nipe subira yako, nami mwishoni nitakulipa kwa ukweli. Kila sura inayoongezwa ni mkopo mwingine juu ya ule wa kwanza. Atakayekopa kurasa mia mbili ataweza kulipa kwa mshangao mmoja mzuri. Atakayekopa kurasa elfu moja atafute hazina kubwa mno ya kulipia, na wachache wanayo.

Mwaka 1929 padri mmoja wa Kiingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mtunzi wa hadithi hizi, aliandika kanuni kumi za kuzingatiwa na watunzi wenzake. Miongoni mwake alidai kwamba mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, na kwamba mpelelezi asiifiche dalili yoyote aliyoiona. Shabaha yake ilikuwa haki: msomaji apewe nafasi sawa na mpelelezi ya kulifumbua fumbo.

Kanuni hizo zilitungwa wakati riwaya ya upelelezi ikisomwa kwa siku mbili au tatu. Katika riwaya ya kurasa elfu, dalili inaweza kuwekwa wazi kabisa katika ukurasa wa 90, na maana yake ikafunuliwa katika ukurasa wa 950. Kisheria mwandishi hana kosa, dalili aliitoa. Lakini kwa mfanyakazi anayesoma kurasa kumi kwa usiku, kati ya kurasa hizo mbili zimepita karibu miezi mitatu. Ni nani anayekumbuka rangi ya koti aliyoisoma miezi mitatu iliyopita? Haki iliyopo katika karatasi tu, na ambayo mwenyewe hawezi kuitumia, si haki kamili.

Kwa hiyo tunamwambia dada yetu wa kiwandani: akili yako ni nzima. Kumbukumbu ya binadamu ina kipimo chake, na fundi mzuri hukijua kipimo cha anayemshonea nguo.

UREFU UNA HISTORIA YAKE

Isidhaniwe kwamba urefu huu ni ugonjwa wa leo. Nyuma ya kitabu kirefu aghalabu kuna hesabu ya fedha.

Katika Uingereza ya karne ya 19 riwaya nyingi zilichapishwa katika majuzuu matatu, na bei yake rasmi ilikuwa shilingi 31 na peni sita za Kiingereza za wakati huo, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuweza kuzitoa. Watu walijiandikisha katika maktaba za kukodi vitabu, maarufu kupita zote ikiwa ile ya Mudie. Kwa maktaba hizo majuzuu matatu yalikuwa neema, kwa kuwa riwaya moja iliweza kuwa mikononi mwa wasomaji watatu kwa wakati mmoja. Basi watunzi wakalazimika kurefusha. The Moonstone ya Wilkie Collins, inayohesabiwa miongoni mwa mama wa riwaya za upelelezi kwa Kiingereza, ilitoka kwanza kipande kipande katika gazeti la kila wiki la Charles Dickens mwaka 1868, kisha ikachapishwa katika majuzuu matatu. Mwaka 1894 maktaba hizo kubwa zenyewe ziliukataa mtindo huo, nao ukafa upesi.

Wakati huo huo palikuwa pamezuka msomaji mpya, yaani karani na mfanyakazi anayekwenda kazini kwa garimoshi. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo jarida la The Strand lilianza mwaka 1891 kuchapa visa vifupi vya Sherlock Holmes vya Arthur Conan Doyle, kila kisa kikiisha katika toleo moja. Msomaji alianza safari na fumbo na kushuka na jibu lake. Na mwaka 1935, shirika la Penguin lilipotoa vitabu vyake kumi vya kwanza vyenye majalada ya karatasi, kwa bei ya peni sita, viwili kati ya hivyo vilikuwa vya upelelezi: kimoja cha Agatha Christie na kingine cha Dorothy L. Sayers. Vilikuwa vitabu vya kutia mfukoni.

Ni wazi basi kwamba riwaya ya upelelezi iliyowapenda wafanyakazi ilikuwa fupi, na iliwapenda kwa sababu iliuheshimu muda wao. Agatha Christie alijenga jina lake lote kwa vitabu ambavyo mara nyingi havikuzidi sana kurasa 250. Mfaransa wa lugha aliyezaliwa Ubelgiji, Georges Simenon, aliandika riwaya 75 za Inspekta Maigret, nyingi zikiwa za kusomwa jioni moja au mbili.

Leo upepo umegeuka tena. Mwandishi akishakuwa na jina kubwa, kitabu chake kitauzwa kiwe kifupi kiwe kirefu, na ni vigumu kwa mhariri yeyote kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze. Wapo pia wanunuzi wanaoamini kwamba kitabu kinene ni mali zaidi kwa bei ile ile. Lakini kitabu si mchele, kipimwe kwa uzito.

KISA CHA MHAKIKI WA MAREKANI

Malalamiko kama ya dada yetu yalipata kutolewa na mtu ambaye hakuna aliyeweza kusema kwamba hajui kusoma. Mwaka 1944 mhakiki mashuhuri wa Marekani, Edmund Wilson, aliandika katika jarida la The New Yorker makala ya kuuliza kwa nini watu husoma hadithi za upelelezi, akieleza kwamba yeye alizijaribu zikamchosha. Wasomaji walimjia juu. Barua zikamiminika zikimwambia kwamba amechagua vitabu vibaya, na wakamtajia vilivyo bora. Januari, 1945, aliandika tena baada ya kusoma baadhi ya vitabu alivyopendekezewa, na hasira yake ilikuwa imezidi.

Kitabu kilichompa taabu kubwa kilikuwa The Nine Tailors cha Dorothy L. Sayers, cha mwaka 1934. Kisa chake ni hiki: mpelelezi Lord Peter Wimsey anapata ajali ya gari usiku wa kuamkia mwaka mpya katika nchi ya mabwawa mashariki mwa Uingereza. Anakaribishwa na padri wa kijiji, na kwa kuwa mmoja wa wapiga kengele ni mgonjwa wa homa ya mafua, Wimsey anashika kamba mahali pake, na kengele zinapigwa kwa saa tisa mfululizo. Miezi michache baadaye kaburi linafunguliwa, na ndani yake inakutwa maiti isiyostahili kuwamo.

Sasa, kengele hizo hazipigwi ovyo. Wapigaji huzibadilisha zamu kwa hesabu, mpangilio mmoja usirudiwe. Kwa kengele nane mipangilio inayowezekana ni 40,320. Mwandishi anaeleza utaalamu huo kwa kirefu, na Wilson aliona kwamba amedanganywa: aliahidiwa mauaji akapewa somo la kengele. Alikiri waziwazi kwamba aliruka kurasa nyingi.

Safu hii haikubaliani na Wilson juu ya kitabu kile, na ni vema tueleze sababu, kwa maana hapo ndipo panapopatikana kipimo. Sayers alikulia katika nchi ile ya mabwawa, binti wa padri, na kengele zile hakuziweka kama pambo ukutani. Jina la kitabu lenyewe linahusu mapigo tisa yanayotangaza kifo cha mwanamume. Atakayefika mwisho bila kuruka ataona kila kengele ilikuwa na kazi gani, na kwa nini ilibidi azisikie kwa muda mrefu namna ile. Huo ni urefu wenye kazi.

Kipimo basi ni hiki. Chukua sura yoyote ya riwaya ya mauaji, uiondoe kwa fikra. Je, tunayemshuku amebadilika? Je, tunayemlilia amepungua? Je, mahali palipotendeka kosa pamefifia? Kama jibu ni ndiyo kwa swali hata moja, sura hiyo ina haki ya kuwapo, hata kama ni ndefu. Kama jibu ni hapana kwa yote matatu, sura hiyo ni abiria asiye na tikiti. Katika The Ink Black Heart abiria wa namna hiyo ni wengi mno, na ndiyo sababu basi zima likachelewa kufika.

BWANA MSA NA KIKO CHAKE

Kwa upande wetu, msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kurithi mfano mwema. Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alikuwa mwandishi wa magazeti kabla hajasifika kwa riwaya. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa ya mwaka 1984.

Bwana Msa, mpelelezi wake, anavuta kiko, hana haraka, na rafiki yake Najum yu daima kando yake kuuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza. Nasaba ya Sherlock Holmes na Dakta Watson inaonekana dhahiri. Lakini aliyeazima joho la Mwingereza alilikata likamfaa mwenyeji. Mazungumzo ni ya barazani, fumbo limefungwa katika undugu, urithi na siri za nyumba, na vitabu vyenyewe mtu anaweza kuvimaliza kwa siku chache. Hata pale Bwana Msa anapozunguka kwa maneno, mzunguko wenyewe ni sehemu ya fumbo: anatufundisha kwamba jambo linaloonekana la mizimu huenda ni la binadamu mwenye tamaa.

Faraji Katalambulla naye, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alionyesha kwamba kitabu chembamba chaweza kumkesha mtu. Hatusemi kwamba riwaya hizi hazina dosari. Tunasema kwamba waandishi wake walijua wanamwandikia nani: mtu mwenye kazi asubuhi, mwenye taa ambayo wengine nyumbani wanaitaka izimwe, na mwenye hamu ya kujua nani alifanya kabla hajalala.

HAKI NA WAJIBU WA MSOMAJI

Tumalizie kwa mashauri machache, kwa dada yetu na kwa jamaa zetu wengine wenye vitabu vinene majumbani.

Kwanza, msomaji ana haki ya kukiacha kitabu. Shuleni tulifundishwa kumaliza kila kilicho katika sahani, na fundisho hilo ni jema kwa chakula. Kitabu ambacho kwa kurasa mia mbili hakijamgusa mtu hakina madai zaidi juu ya usiku wake. Kukiacha si uvivu. Ni kugawa vema mali adimu kuliko zote alizonazo mfanyakazi, yaani saa ya jioni.

Pili, anayetaka kuendelea na riwaya yenye watu wengi na achukue kipande cha karatasi, aandike majina na uhusiano wao, akiweke ndani ya kitabu. Watoto wa sekondari wafundishwe hivyo hivyo. Si aibu; hata mpelelezi ana daftari lake.

Tatu, kitabu kirefu husomeka vizuri zaidi kwa wawili. Mume na mke, au mama na binti aliye mkubwa, wakisoma kwa zamu na kusimuliana kila jioni yale waliyoyasoma, kumbukumbu ya mmoja itamsaidia mwenziwe. Na mahali ambapo msimuliaji anakosa la kusimulia, hapo wote wawili watajua kwamba mwandishi naye hakuwa na la kusema.

Nne, na hili ni kwa vijana wetu wanaoandika. Wengi hutuletea miswada ya upelelezi wakitanguliza kwa fahari idadi ya kurasa. Vijana wapendwa, uzito wa mswada si hoja. Hesabuni badala yake ni mara ngapi mmemrudia marehemu: alipenda nini, nani atakula wapi sasa kwa kuwa yeye hayupo, kiti chake mezani kinakaliwa na nani. Mwandishi akiyakumbuka hayo, kalamu yake yenyewe itamkataza kupotea, kwa sababu mtu hawezi kupiga soga kwa siku nyingi katika nyumba yenye msiba.

Riwaya ya mauaji, ikiandikwa sawasawa, inafundisha jambo kubwa: kwamba uhai wa mtu mmoja, hata asiye na cheo, unastahili kutafutiwa ukweli mpaka upatikane. Hilo ndilo linalotufanya tuzisome, watu wazima na akili zetu, baada ya siku ndefu ya kazi. Anayeliweka jambo hilo katika kurasa mia mbili anatufaa. Anayeliweka katika elfu moja na asilipoteze anatufaa zaidi, nasi tutamvulia kofia. Lakini anayelipoteza njiani asitulaumu tukishuka kabla ya kituo cha mwisho.

Tukutane Jumapili ijayo.